Dawa Nyeupe na Jina la Baba Mkwe

Kibondo, 3 Juni 1996

Mpenzi Mama Nadine,

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya chumba cha upasuaji, ndipo ninapokuandikia, maana nikingoja nifike nyumbani nitasahau nusu. Mwenyezi Mungu akukute salama wewe, Baba Nadine, watoto na mzee wenu. Mimi mzima. Mzima kupita kiasi, shoga yangu, kwa furaha niliyo nayo.

Tumeletewa daktari wa nusu kaputi. Huyu hapasui mtu, kazi yake ni kulaza watu na kuwaamsha. Anaitwa Daktari Saady, kijana wa Tanga aliyesoma hadi ng'ambo, ameazimwa huku kwa sababu wakimbizi wamekuwa wengi na kisu hakipumziki. Amekuja na dawa mpya. Unaikumbuka ile uliyochomwa wewe mwaka jana, ketamini, iliyo kama maji? Hii ni nyeupe pepe, utasema maziwa. Siku ya kwanza mama mmoja wa Murungu alipoiona ndani ya sindano alimshika Daktari mkono, akamwambia, "Mwanangu, maziwa yanakwenda tumboni, si mshipani." Tulicheka hadi sista akatufukuza. Nami nikauliza langu, maana moyo haukutulia: imetengenezwa na nini? Akasema mafuta ya soya na kiini cha yai. Nikasema alhamdulillahi, hapo hakuna haramu.

Sasa sikia. Mtu wa ketamini unamjua, ulikuwa mmoja wao. Macho wazi lakini mwenyewe hayupo. Anaimba, analia, anapigana na shuka, anatapika, na hadi jioni kichwa kinamzunguka. Mtu wa dawa nyeupe analala kimya, na ikikatwa anafungua macho anakutazama wewe, wewe hasa, si ukuta ulio nyuma yako. Jana fundi baiskeli mmoja wa kambini, Manirambona, alipasuliwa jipu la paja. Sijakaa vizuri hata kwenye kigoda akaniuliza, "Mama, suruali yangu iko wapi?" Nikamwambia subiri. Akasema, "Nasubiri nini, mama, kazi si imeisha? Mersi mingi."

Daktari anataka kuzilinganisha hizi dawa mbili sawasawa, ajue ipi inamrudisha mtu upesi akiwa na akili zake. Huyu anapewa hii, yule anapewa ile. Na kazi ya kukaa kando ya kitanda na kuuliza nimepewa mimi, mhudumu wa wodi niliyeishia darasa la nne Ujiji. Tumekubaliana tusiwaulize majina yao wenyewe, kwa kuwa watu wa huku wana jina la ubatizo, la nyumbani na la kambini, ukitajiwa lolote hujui ni kweli au ni kaputi. Nikatoa wazo: mwanamume aulizwe jina la baba yake, mwanamke aliyeolewa aulizwe jina la baba mkwe wake. Ndugu aliye mlangoni anatuambia mapema, nasi tunangoja tusikie. Daktari alisema ni wazo zuri. Nilitembea siku nzima shingo juu.

Mbona nakueleza yote haya? Ni mkono wako. Vile vidole vilivyogandamana na kiganja tangu mawese ya moto yalipokumwagikia, walivifungua viwili, wakakwambia urudi kwa vilivyobaki, ukaondoka hujarudi. Njoo sasa, ulale kwa dawa nyeupe. Hutaota, hutapiga kelele, hutamwita tena yule Nkunzimana wako hadi wodi nzima ikageuka. Hadi leo hujaniambia ni nani. Nikisema ni mchumba wa ujanani nitakuwa nimekosea? Daktari yuko nasi hadi mwisho wa Agosti tu. Njoo.

Rafiki yako wa kitanda cha dirishani,
Tunu, Mama Yasmini


Makere, Kasulu, 14 Juni 1996

Kwa Bi. Tunu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako imefika kwa mkono wa katekista. Imesomwa na shemeji yangu Dadi hapa nyumbani baada ya sala, watu wote wakiwepo, kama tunavyosomewa barua zote. Ni yeye pia anayeniandikia hii, kwa kuwa mkono wangu unaujua.

Sisi hatujambo. Maharage tumevuna, yamekuwa ya wastani.

Kuhusu mkono, haujambo. Jembe nalishika kwa kushoto na huu wa kulia nauegemeza juu ya mpini. Mihogo ananimenyea Nadine. Sioni haja ya kurudi huko.

Hayo ya dawa nyeupe nimeyasikia. Mshukuruni Mungu mlio nayo. Hayo maswali yenu ya kuamshia watu, sina la kusema. Naomba usitanie tena maneno niliyoyasema nikiwa kwenye kaputi.

Wako katika Kristo,
Theodosia
(Kwa mkono wa Dadi)


Kibondo, 24 Juni 1996

Mama Nadine wangu,

Nimeisoma barua yako nikikutafuta ndani yake, sikukuona. "Kwa Bi. Tunu." Mimi niliyekulisha uji kwa kijiko wiki tatu, leo nimekuwa Bi. kama mwenye duka. Lakini sikasiriki. Nimekuelewa: unaziogopa zile ndoto. Nami nakwambia, kwa dawa nyeupe ndoto hakuna, au zikiwepo ni za kheri. Mzee mmoja wa kijiji cha Kitanga aliamka anatabasamu, akasema ameota anakula kuku.

Ila kuna jambo limetutia doa, ndiyo maana naandika mbio. Wanaume wa dawa nyeupe wananitajia baba zao kabla sijamaliza swali. Wanawake wa dawa nyeupe wananitazama tu. Ange, mama wa watu wa Kitanga, alifungua macho, akavuta kanga akajisitiri mabega, akaniamkia vizuri kabisa. Nikamuuliza, "Baba mkwe wako anaitwa nani?" Akageukia ukutani. Mwingine akaniuliza, "Mama, wewe mtu wa wapi?" Nikasema Ujiji. Akasema, "Ndiyo maana," akafumba macho. Nikirudia swali wanakunja midomo kama mtoto anayekataa kwinini. Na wanawake wa ketamini, wale wanaotapika na kumwimbia mlezi wa watoto aliyekufa zamani, hao ndio wanaolitaja, tena kwa sauti, hadi mlangoni wanasikia.

Daktari amechanganyikiwa. Anasema huenda dawa hii kwa wanawake inaingia kwenye mafuta ya mwili ikakaa. Wiki hii ikiwa hivi hivi ataacha kuwapa wanawake, chupa zilizobaki zitumike kwa wanaume. Basi ukichelewa, mama, utarudi kwenye ketamini, na hapo sitakuwa na la kukusaidia. Nijibu haraka. Na huyo Dadi mpunguzie ukarani, aandike kama unavyosema.

Wako anayekungoja,
Mama Yasmini


Makere, 3 Julai 1996

Mama Yasmini,

Usiucheke mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, nami nimeketi ndani ya ghala la mahindi, karatasi iko juu ya debe. Nimemwambia Nadine, akija mtu aseme mama anasali. Na si uongo, nimeanza kwa kusali.

Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la databukwe, baba wa mume wake. Hatamki hata akiulizwa na serikali. Karani wa kata alipokuja kutuandika nilimwita mtoto ndiye amtajie. Hatukatazwi kwa fimbo, ni heshima tu. Ukilitamka ni kama umemvua mzee shati mbele ya watu. Nilidhani unajua. Umekaa nasi mwaka mzima, nikadhani unajua na unanitania hivyo hivyo, na ilikuwa inaniuma.

Yule unayemwita mchumba si mchumba. Ni yeye mwenyewe.

Katika ile ndoto ya ketamini nilimwona anatembea kuelekea shimo la udongo wa matofali, hatazami chini, na mimi niko mbali. Nikamwita "baba", hakugeuka. Nikamwita "mzee", hakugeuka. Ndipo nikalitaja. Nikalitaja na kulitaja. Nilipozinduka nilimkuta ameketi miguuni pa kitanda na kibuyu cha uji alichonibebea kutoka Makere. Wodi nzima inatazama. Aliweka kibuyu chini, akatoka.

Tangu siku ile hapiti mlango wetu wa mbele. Anapita nyuma, kwenye migomba. Chakula anapelekewa na Nadine, sijui kama anakila au anampa mbwa. Mwaka mzima sijasikia akikohoa uani kwangu. Halafu barua yako ikaja, na Dadi, mtoto wake wa kumzaa, akaisoma kwa sauti, akafika pale akakwama, akaruka mstari. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Nilikudanganya kwamba mkono haujambo. Umekauka. Rozari naizungusha kwa kushoto. Mtoto akilia nambeba kama mtu anayebeba kuni. Mama Yasmini, kisu sikiogopi. Ndoto siziogopi. Naogopa mdomo wangu. Bora vidole vibaki vimekunjamana kuliko kulitamka mara ya pili.

Na wale wanawake wako wa dawa nyeupe wanaogeukia ukutani, usiseme hawajaamka. Wameamka kabisa. Wale wanaolitaja ndio waliokuwa mbali kama nilivyokuwa mimi.

Ukimaliza kusoma, tia motoni.

Theodosia


Kibondo, 10 Julai 1996

Dada yangu, Mama Nadine,

Nimeitia motoni, lakini kwanza nimelia, halafu nimekimbia. Kulia ni kwa ajili yako. Nisamehe. Kwetu Ujiji jina la mkwe hatulichezei, lakini tukiulizwa na mtu wa hospitali tunalitaja tu na maisha yanaendelea, kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikibonyeza kidonda nikidhani nakutekenya. Sitalitaja tena, wala kwa kalamu. Na hii nimemwomba katekista akupe mkononi wewe peke yako.

Kukimbia ni kwa Daktari. Nilimkuta anakunywa chai. Sikukutaja wewe, nilimweleza desturi peke yake. Akaweka kikombe.

"Kwa hiyo anayelitaja ndiye bado amelewa?"

"Ndiye."

"Na anayekataa?"

"Ndiye mzima, baba, tena ana adabu zake zote."

Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani. Akasema, "Mama Tunu, mtu wa Tanga na mtu wa Ujiji tumejifungia nyuma ya pazia tunawalazimisha wake za watu wakose heshima, halafu wakikataa tunasema dawa mbaya." Tukamwita Esteri, muuguzi, ambaye ni mtu wa huku, tukamuuliza mbona alituacha. Akashika mdomo. Kumbe alikuwa akisikia sauti tu kutoka upande wa pili, akidhani tunawauliza wanawake baba zao wa kuwazaa. "Mngeniuliza mimi," akasema, "ningewaambia hata mimi siwajibu."

Nilidhani Daktari atageuza tu matokeo, waliokataa waitwe walioamka, tumalize. Hakutaka. Alisema kukataa kunaweza kuwa heshima na kunaweza kuwa usingizi, kwa hiyo tuanze upya kwa wanawake na swali lisilo na aibu. Safari hii akamwachia Esteri alichague. Sasa tunauliza: "Mwaka huu mmelima nini?" Mama Nadine, ungekuwepo. Wa ketamini mmoja alinijibu, kwa uhakika kabisa, "Tumelima ndege, lakini hawajakauka." Wa dawa nyeupe akasema, "Maharage na mihogo, mtama nimemwachia mke mwenzangu, na wewe mbona unauliza, unataka kununua?" Mwingine akaanza kulalamika kuhusu ngedere wa shamba lake na hatukuweza kumnyamazisha. Wanaamka, dada. Wanaamka wakiwa wao wenyewe, na adhuhuri wanakaa kitako na kudai ugali.

Nakueleza na ubaya wake, usije ukasema nilikuficha. Inapoingia mshipani inachoma kidogo, na ikizidi pumzi inasinzia pamoja na mtu. Ndiyo maana Daktari haondoki kichwani pa mgonjwa, ameshika taya mwanzo hadi mwisho, hata inzi akimtua puani hapungi mkono. Anasema mahali pasipo na mtu wa kulinda pumzi, ketamini ni salama zaidi, hata kama inaimbisha watu. Lakini hapa yupo, na bado yupo wiki kadhaa.

Nilimuuliza, kama swali la bure tu: mtu wa dawa nyeupe anaweza kusema jambo asilotaka kulisema? Akasema hawezi kumwapia mtu, dawa ni dawa, ila wote aliowalaza hapa wamelala kimya na kuamka kimya. Na mimi niliyekaa kando yao nakwambia hivyo hivyo.

Njoo, dada. Nimekwisha kukuwekea kitanda cha dirishani.

Mama Yasmini


Makere, 19 Julai 1996

Mama Yasmini,

Naandika kwa kushoto tena, lakini leo niko sebuleni, mlango wazi.

Nilimwambia Baba Nadine yote. Akaenda kwa baba yake. Walizungumza huko hadi ng'ombe wakarudi. Halafu Nadine akaja na ujumbe wa babu yake, maneno machache tu: "Mwambie mama yako nitamsindikiza mimi."

Sijui ni hasira au ni nini. Sikuthubutu kuuliza. Tutapanda lori la chumvi Jumatatu, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na mizigo. Hata hivyo kuna kafuraha sijui kametoka wapi. Nimekuwa nikijikuta naimba nikifagia.

Naomba jambo moja. Nikifungua macho, uwe wewe.

Theodosia


Kibondo, 12 Agosti 1996

Dada yangu,

Natumaini kitambaa cha mwisho kimeshafunguliwa pale zahanati, na vidole vinakusikiliza. Vichezeshe kila siku, hata vikiuma.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa. Mzee aliniomba nikae nalo hadi kitambaa kifunguliwe. Sasa nimetimiza, na lilikuwa linanipasua kifua.

Siku ile ulipokuwa ndani, alikaa kwenye benchi la nje, kofia magotini, hakunywa hata maji. Nilitoka kumwambia kazi imekwisha na pumzi ni nzuri. Akauliza, "Mnamuuliza nini akiamka?" Nikamwambia tunauliza habari za shamba. Akasema, "Muulize na lile la zamani."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia, mzee wangu, hilo tumeliacha, ni aibu. Akasema, "Najua ni aibu. Mwaka jana watu wote humo walisikia. Leo nao wasikie. Liache dirisha wazi."

Ndiyo maana niliuliza, dada. Wewe ulinitazama kama mwendawazimu. Ulifungua macho, nikakuuliza mmelima nini, ukasema, "Maharage, unajua, nilikuandikia," nikajua umerudi wewe mzima. Daktari naye akatikisa kichwa kukubali. Basi nikauliza kwa sauti ya kufika nje: baba mkwe wako anaitwa nani?

Ukavuta kanga. Ukasema, na wodi nzima ikasikia, "Mama Yasmini, hilo sina mdomo wa kulisemea. Ana watoto wake, waulize hao."

Hukuona kilichokuwa dirishani. Mimi niliona. Mzee alikuwa amesimama, alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Ndipo akaingia na kile kibuyu cha uji, akakuwekea karibu na mkono mzima. Hayo uliyaona.

Usiloliona ni baadaye, nilipomtolea chai. Nilimuuliza, kwa umbea wangu, kwa nini alihama mlango wa mbele mwaka mzima. Alisema: "Nikipita mbele atainamisha uso. Mwanamke ameungua akichemsha mawese yangu, halafu nimwongezee na kuinamisha uso ndani ya nyumba yake?" Nikamuuliza, na chakula? Akashangaa. "Nakula chote. Nani anapika kama yeye?"

Nimemaliza. Daktari amekwisha kuandika ya wanawake upya, na dawa nyeupe imeshinda kwa kuamsha, wanaume kwa wanawake. Atakwenda Dar kuiombea chupa zaidi na mtu wa kufundishwa kushika taya. Esteri amekwisha kujitaja.

Mungu akulinde,
Mama Yasmini


Makere, 1 Septemba 1996

Mama Yasmini wangu,

Tazama herufi. Kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, zinapanda na kushuka, lakini ni za mkono wa kulia. Kidole kidogo bado kinagoma, vingine vinashika kalamu. Jana vilishika rozari kutoka mwanzo hadi msalaba, na leo asubuhi vilimenya mhogo, Nadine akinitazama kama naiba.

Barua yako ilisomwa na Dadi baada ya sala, mbele ya wote. Nilitaka kumzuia, nikaona mzee amekwisha kuketi, akasema, "Soma yote." Alikuwa kwenye kigoda, mlangoni, mlango wa mbele. Pale pa mawese na kuinamisha uso Dadi alisoma polepole. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Pale pa chakula Baba Nadine alicheka peke yake, halafu sote.

Ilipokwisha, mzee akamwambia Dadi, "Hebu tazama tena. Ameandika jina langu popote?"

Dadi akaipitia barua, juu hadi chini. "Hapana, baba. Ameandika 'mzee' tu."

Databukwe akasogeza sahani yake kwangu nimwongezee mboga, akasema, "Basi huyu wa Ujiji naye ni mkaza mwana wangu. Aletewe maharage."

Yanakuja na lori la Alhamisi.

Dada yako,
Theodosia, kwa mkono wangu mwenyewe